Damu ya broila haina kasoro, ni damu ya ndege

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua za wasomaji nimjibu ndugu yetu wa Chumbageni ambaye barua yake mliitoa majuzi, ile iliyosema broila tunaouziana hapa Tanga damu zao hazigandi na kwa hiyo eti wamechomwa madawa. Tangu itoke, hapa soko la Mgandini hatupumui. Mteja anafika, hata salamu hajamaliza anauliza "huyu damu yake inaganda?", mwingine kaacha oda ya kuku wa arusi kahamia kwa mbuzi, na wenye kuku wa kienyeji wameshapandisha bei, siwalaumu, na mimi ningepandisha. Mimi nafugia Pongwe nauzia Mgandini, na kabla ya kuku nilikuwa maabara ya mifugo, kwa hiyo haya mambo ya damu siyasomi gazetini tu.

Nimpe haki yake kwanza. Huyu ndugu hakukaa kijiweni akatunga. Alichukua sirinji mpya, akatoa damu kwenye mshipa wa bawa la broila, akaiweka kwenye kichupa cha glasi, akachukua na ya mbuzi akaiweka kwenye kichupa kingine, akakaa anatazama saa. Ya mbuzi ikaganda, ya kuku ikabaki majimaji. Halafu damu nyingine ya kuku akampelekea jamaa yake wa maabara ya hospitali aipitishe kwenye mashine, majibu yakaja kwamba chembe sahani, zile za kusaidia damu kuganda watu wanaziita plateleti, hazipo au ni chache kupita kiasi. Kila alichokiona ni kweli na mimi namwamini asilimia mia. Ila mbona alimlinganisha kuku na mbuzi? Angechukua broila na kuku wa kienyeji aliyekulia Handeni anakula kumbikumbi, au hata bata, au njiwa wa paa la msikiti, angekuta vichupa vyote viwili vimebaki majimaji na hiyo barua isingeandikwa.

Sasa nenda kaone pale tunapochinjia asubuhi. Kisu kinapita shingoni, kinakata ngozi, nyama na mishipa kwa pamoja, damu inaruka kwa nguvu maana moyo wa kuku mkubwa unadunda mara 250 mpaka 350 kwa dakika, inaangukia kwenye ndoo. Geuka umchukue kuku wa pili, ukirudi ile ya kwanza ishaanza kushikana, juu imetulia inang'aa, ukiigusa na ncha ya kisu haipasuki, inatikisika. Mwisho kabisa kijana akiinamisha ndoo hakimwagiki kitu, linatoka bonge zima limechukua umbo la ndoo, na pembeni limeachia maji ya njano. Yale maji ya njano ni seramu, yanabanwa yatoke pale donge linapojikaza. Damu isiyoganda inatengenezaje bonge? Kuku ni yuleyule, banda lilelile, tofauti ni njia damu iliyopitia kutoka mwilini.

Hapa ndo penye utamu wenyewe na naomba wasomaji wanivumilie kidogo.

Damu ya mnyama anayenyonyesha, awe binadamu, mbuzi, ng'ombe au panya, ina namna mbili za kuanza kuganda. Ya kwanza ni jeraha. Mwili ukichanika, nyama iliyoumia inatoa protini fulani ambayo siku zote inakaa nje ya mishipa, damu ikikutana nayo tu inajua hapa pametoboka, protini moja inaamsha nyingine mpaka mwisho fibrinojeni iliyokuwa imeyeyuka kwenye damu inageuka nyuzi za fibrini, zinajifuma kama jarife na chembe za damu zinanasa humo. Ya pili haihitaji jeraha lolote. Damu ikigusa tu kitu kigeni kama glasi, kuna protini inaitwa fakta ya 12 inashtuka yenyewe na kuanzisha mlolongo wa upande wake, na ndo maana damu yako ukiiweka kwenye kichupa safi cha glasi inaganda ndani ya dakika tano mpaka kumi na tano hivi bila wewe kuitia chochote.

Kuku hana hiyo fakta ya 12. Si kwamba anayo kidogo, hana kabisa, wala jeni ya kuitengeneza hana. Jenomu ya kuku, yaani jeni zake zote kwa pamoja, ilichapishwa mwaka 2004, waliokwenda kutafuta humo jeni za kugandisha damu walizikuta nyingi tulizonazo sisi, fibrinojeni ipo, prothrombini ipo, fakta ya 5, ya 7 na ya 10 zipo, ila ya 12 haipo, na ya 11 inayoifuata kwetu nayo haipo. Kwa hiyo kwa kuku glasi ni kitu ambacho damu yake haikitambui. Damu imetoka moja kwa moja kwenye mshipa imeingia kwenye sindano, haijakutana na nyama iliyoumia, hakuna aliyeiambia igande, itaganda kwa sababu gani? Mfaransa mmoja anaitwa Delezenne alilionyesha hili mwaka 1897, jeni yenyewe bado hata neno lake halijaundwa. Alitoa damu ya ndege kwa uangalifu mkubwa isiguse kidonda, ikakaa masaa na masaa haijaganda, akiitia majimaji ya nyama ya ndege huyohuyo inaganda papo hapo. Yaani ndugu yetu wa Chumbageni amerudia jaribio la zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na akalipata sawasawa, hongera zake, ila Delezenne hakuandika kwamba ndege wa Ufaransa wamechomwa sindano.

Na pale ndooni kwetu? Damu inatoka kupitia kwenye nyama iliyokatwa, inaoga ile protini ya jeraha kabla haijafika chini. Ndo hivyo tu. Maabara ukichukua plazma ya kuku, yaani majimaji ya damu yaliyotengwa na chembe zake, ukaitia dondoo ya ubongo wa kuku, ambayo ina hiyo protini kwa wingi, inaganda kwa sekunde 10 au zaidi kidogo, haina tofauti kubwa na ya binadamu aliyepimwa kwa dawa yake. Angalieni nimesema ubongo wa kuku. Ile dawa ya kupimia iliyozoeleka hospitali hutengenezwa kwa ubongo wa sungura, na kwa damu ya ndege inafanya kazi vibaya, inakupa muda mrefu kuliko ukweli, kwa hiyo hata huyo jamaa wa hospitali angepima na kipimo hicho angetoka na jibu la kumtia kuku doa.

Mtu anaweza kusema sawa, lakini kukosa kitu si ni ugonjwa? Mbona kuna mtu alikuwa hana. Marekani, Cleveland, kulikuwa na mfanyakazi wa reli anaitwa John Hageman, alikuwa anaandaliwa kufanyiwa upasuaji wakagundua damu yake kwenye glasi haigandi kabisa, madaktari wakashtuka, wakamuuliza umewahi kutokwa damu ikakataa kukata, akasema hapana, maisha yangu yote sijawahi. Daktari Oscar Ratnoff akamwandikia ripoti mwaka 1955 na ile protini ikaitwa kwa jina lake, fakta ya Hageman, ndo hiyohiyo ya 12. Na cha kushangaza, mwaka 1968 huyo bwana alifariki kwa donge la damu lililokwenda kuziba mapafuni, baada ya kuanguka kazini na kuvunjika nyonga. Mtu ambaye damu yake "haigandi" kauawa na damu iliyoganda! Hata pomboo hawa tunaowaona huku baharini wakifuatana na majahazi, na nyangumi, ni wanyama wa kunyonyesha kama sisi lakini fakta ya 12 hawana na wanaishi salama. Kwa hiyo hiyo njia ya glasi ni nyongeza, kuzuia damu ya jeraha si kazi yake.

Nije kwenye mashine, maana hapo ndo watu wengi waliogopa. Mashine ya kuhesabu damu ya hospitali imetengenezewa binadamu, na nyingi zinatambua chembe kwa ukubwa wake. Chembe sahani zetu si seli kamili, ni vipande vinavyomeguka kutoka kwenye seli kubwa sana zilizoko kwenye uboho wa mifupa, havina kiini, ni mikromita 2 au 3 tu, na kila mikrolita moja ya damu ya mtu mzima aliye salama ina kama 150,000 mpaka 400,000, vinaishi siku 7 mpaka 10 vinabadilishwa. Kuku hana vipande hivyo. Yeye ana trombositi, seli nzima yenye kiini chake, kubwa kuliko chembe sahani, na idadi yake ni ndogo, 20,000 mpaka 30,000 kwa mikrolita ndo kawaida ya kuku mzima. Na chembe zake nyekundu nazo zina kiini, zina umbo la yai, wakati zetu hazina. Sasa mpe mashine damu ya namna hiyo, itatafuta vipande vidogo visivyo na kiini isivione, itaandika sifuri, halafu trombositi itazihesabu pamoja na chembe nyeupe na kukwambia kuku ana maambukizi ya kutisha. Sisi maabara ya mifugo damu ya kuku tulikuwa tunapaka kwenye kioo, tunaitia rangi, tunaweka chini ya hadubini tunahesabu kwa macho, kazi ya kuumiza shingo kwelikweli, na ukiwa mgeni trombositi na limfosaiti, aina mojawapo ya chembe nyeupe, zinakuchanganya maana zinafanana mpaka uzoee.

Na tusidhani kuku ndo wa ajabu hapo. Samaki changu wa pale Deep Sea hapa Tanga ana seli zenye kiini za kugandishia, chura anazo, mjusi anazo, kasa anazo. Viumbe vyote vyenye uti wa mgongo viko hivyo isipokuwa wanaonyonyesha, sisi ndo tumejitenga na hivi vipande vyetu. Trombositi ya kuku inafanya na kazi nyingine juu, inakula bakteria, iko kwenye ulinzi wa mwili pamoja na kuganda.

Kuna jambo moja nalipenda sana kwenye hii tofauti na sijui kwa nini haliandikwi magazetini. Mwaka 2011 watafiti wa Philadelphia, Marekani, walichapisha utafiti ambao waliumiza mishipa mikubwa ya panya na ya ndege kwa namna moja. Kwa panya donge lilikua mpaka likaziba mshipa, kwa ndege halikufika huko, trombositi zilikusanyika lakini hazikushikana kwa ule ukali, damu ikaendelea kupita. Hivi vipande vyetu visivyo na kiini vinashikana haraka na kwa nguvu mno, jambo zuri ukikatwa na panga, lakini ndo hilohilo linaloziba mshipa wa moyo wa mzee wa miaka 60. Huyu broila mnayemwonea huruma kwa damu yake, kwenye hilo katuzidi.

Ndugu yetu aliandika pia kwamba akichinjwa damu inatoka nyingi. Broila wa kilo mbili ana damu kama mililita 150 mwilini, na akichinjwa vizuri inatoka karibu nusu au pungufu, nyingine inabaki kwenye viungo vya ndani na nyamani. Inaonekana nyingi kwa sababu inaruka. Kuhusu kukua haraka, broila amechaguliwa vizazi kwa vizazi kwa ajili ya nyama na anakula chakula chenye nguvu, hiyo sindano inayosemwa mimi sijawahi kuiona, na vifaranga wa jumla kwa faida yetu hii ukawachome mmoja mmoja utafunga biashara wiki ya pili.

Lakini Mhariri, sisemi kuku hawavuji damu. Wanavuja, na mabandani kwetu linatokea, unamnyonyoa kifaranga aliyekufa unakuta mabaka meusi chini ya ngozi ya paja na kifuani, au unamchubua kidogo tu asubuhi jioni umemkuta kalala amekauka mweupe. Hili ndo lilitakiwa liandikwe. Na kwa kuwa kuku ana njia moja tu ya kugandisha, ile ya jeraha, chochote kinachoigusa hiyo njia kinamuumiza sana. Prothrombini, fakta ya 7 na ya 10, zote zinatengenezwa kwenye ini na zote haziwi kamili bila vitamini K.

Na hiyo vitamini K yenyewe dunia iliijua kwa kuku, watu hawalijui hilo. Mdenmark Henrik Dam kuanzia 1929 kule Copenhagen alikuwa analisha vifaranga chakula kilichoondolewa mafuta kwa ajili ya utafiti mwingine kabisa, akaona wanavuja damu chini ya ngozi, akadhani ni upungufu wa vitamini C, akawapa, hawakupona. Mwaka 1935 akatangaza kwamba kuna vitamini mpya ya kugandisha damu, akaiita K, akapata tuzo ya Nobeli ya 1943 pamoja na Mmarekani Edward Doisy aliyechambua muundo wake. Katikati hapo kuna kisa cha Kanada, mwaka 1931, walikuwa wanajaribu unga wa samaki kwenye chakula cha vifaranga, wakawafunga alama za chuma kwenye mabawa kama kawaida, vifaranga wakatokwa damu pale palipotobolewa mpaka wakafa. Baadaye kule California Almquist na Stokstad wakaonyesha kwamba unga wa samaki mkavu ukiwa peke yake hauna hiyo vitamini, majani ya lusani yanayo, na cha kuchekesha unga wa samaki uliolowa ukaoza nao ulikuwa nayo kwa sababu bakteria waliitengeneza. Msiende kuwapa kuku dagaa waliooza, tafadhali! Nimesimulia tu.

Nimelileta kwa sababu sisi huku pwani tunachanganya chakula wenyewe, pumba, mashudu, dagaa, chokaa, na premiksi, ule mchanganyiko wa vitamini na madini wa dukani, ukikumbuka. Kuku wa kienyeji anayezunguka anadonoa majani na anarudia kudonoa kinyesi chenye bakteria, anaipata vitamini K bila mtu kumhesabia, broila aliye bandani hana majani, na utumbo wake ni mfupi, chakula kinapita haraka, bakteria wake hawamtoshi. Anahitaji nusu miligramu tu kwa kila kilo ya chakula, kiasi kidogo kabisa, ila lazima kiwepo. Premiksi inayo, kwa namna inaitwa menadioni, lakini menadioni inaharibika kwa joto na unyevu na hasa ikikaa imechanganywa na madini, sasa piga hesabu mfuko uliofunguliwa mwezi wa tatu ukakaa masika yote kwenye stoo ya bati hapa Tanga. Unalisha vumbi unajua unalisha vitamini. Mimi nafungua mfuko mdogo, naumaliza, na vifaranga nawatundikia mchicha au matembele wadonoe, mchicha mbichi gramu 100 una vitamini K zaidi ya mikrogramu 1,000 na hapa kwetu unauzwa kila kona. Sielewi kwa nini mtu anaona aibu kumpa broila mboga.

La pili ni dawa za koksi, ugonjwa wa kuhara damu. Vifaranga wakianza kuhara damu mtu anakimbilia duka la dawa za mifugo anapewa dawa ya salfa, nyingine ndani yake ni salfakwinoksalini, na hii inazuia kazi ya vitamini K mwilini. Ukizidisha dozi au ukaendeleza siku nyingi kuliko karatasi inavyosema, damu ya kuhara inakata na damu ya chini ya ngozi inaanza, mfugaji anasema dawa ni feki anaongeza tena. Nimeona banda zima likiisha hivyo. Na hao kuku wakiwa kwenye dawa wasiuzwe mpaka siku za kusubiri ziishe, hilo nalo watu wanajitia hawalijui.

La tatu ukungu. Ini likiumwa vitu vyote vya kugandisha vinapungua, na sumukuvu ya aflatoksini inakwenda moja kwa moja kwenye ini. Mwaka 1960 Uingereza walikufa bata mzinga zaidi ya 100,000 kwa mashudu ya karanga yenye ukungu, ndo hiyo sumu ikagundulika. Pumba ikishanukia uvundo usiianike ukaiuza upya kwa jirani, tunajuana.

Sumu ya panya nayo. Nyingi ya hizi zinazoua taratibu ni za ukoo wa warfarini, zinakata mzunguko wa vitamini K, panya anavuja damu ndani kwa ndani. Warfarini yenyewe kuku anaivumilia kuliko panya, lakini hizi mpya kama brodifakumu ni kali zaidi na zinakaa mwilini muda mrefu, na bundi anayekula panya waliolishwa sumu anakufa, hilo limethibitishwa nchi nyingi. Tukimaliza bundi tunabaki na panya.

Na si kila damu nyamani ni chakula au dawa. Ugonjwa wa Gumboro unaleta mabaka ya damu kwenye misuli ya paja, kideri kinaleta damu kwenye firigisi na tumbo la juu yake, kwa hiyo ukiona mizoga miwili mitatu ya namna hiyo mwite mtaalamu wa mifugo apasue aangalie, usianze kumimina vitamini kwenye maji kwa kubahatisha ugonjwa unazidi kusambaa kwa jirani.

Kwa wanaokata midomo ya kuku wa mayai, vitamini K kwenye maji siku mbili tatu kabla inasaidia sana. Kuku akijikata ukucha au upanga wa kichwani mkandamize na kitambaa kisafi, mbane pale pale mpaka ikate, usimuachie uende kutafuta majivu. Ikivuja kwenye nyoya changa linalokua, lile lenye damu kwenye mrija wake, na ukibana haikati, hapo mwite anayejua kulichomoa.

Kwa ndugu yangu wa Chumbageni, bila kinyongo chochote, naomba urudie jaribio lako, mimi kuku nitakupa bure, broila mmoja na wa kienyeji mmoja, sirinji mpya mbili, vichupa vinne. Damu ya kila kuku igawe mara mbili, kichupa kimoja kiache hivyohivyo, kingine kitie tone la maji ya nyama mbichi ya kuku iliyopondwa kwenye chumvi kidogo, utazame kipi kinaganda kwanza. Na ukishachomoa sindano kwenye bawa usimwachie kuku hapohapo, bana ule mshipa kwa kidole dakika mbili hivi, maana ngozi ya pale ni nyembamba, damu inaingia chini yake inafanya uvimbe wa bluu, halafu mteja wangu akiuona ataandika barua nyingine.

Mfugaji na muuza kuku,
Pongwe, Tanga